Mende Mmoja Anapuliza, Mwenzake Kimya

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye mkutano wa Jumamosi wa familia zinazozungumza Kiswahili hapa Ontario, Kanada. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, pamoja na maswali machache yaliyofuata.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, na nyinyi wanangu mliobanana hapa mbele: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nianze na wenye wasiwasi. Boksi hili lina mfuniko, mfuniko una klipu, na ukingo wake wa ndani umepakwa mafuta ya mgando, maana wadudu hawa hupanda hata kioo. Mabawa hawana, kwa hiyo hakuna atakayewarukia. Mama yangu pale nyuma, unaweza kukaa.

Mada yenyewe haikutoka kwangu. Watoto wa darasa la Kiswahili walitembelea chumba cha wadudu ninachokitunza, wakawashika mende wa Madagaska kwa zamu, na mmoja wao akauliza jambo ambalo watu wazima hawaulizi kwa sababu wakati huo wameshafika mlangoni. Mbona huyu akiguswa tu anapuliza, na huyu mwingine kashikwa na darasa zima amenyamaza? Nikaona hilo si swali la kujibiwa kwa sentensi moja huku foleni inasubiri. Wanaofuga mende hawa nyumbani hulijibu upesi mno. Anayepuliza wanamwita mkali, anayenyamaza wanamwita mpole, au wanaanza kuogopa kwamba anaumwa. Mimi nasema tabia ya mende iwe jibu la mwisho, baada ya kuuliza mengine manne: ni dume au jike, ana umri gani, ana cheo gani ndani ya boksi, na mkono unaomshika ni wa nani.

Kwanza tumfahamu mwenyewe. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo mende akionekana, kinachofuata ni ndala. Sikatai. Yule wa jikoni anayekimbilia nyuma ya friji hata mimi simtaki. Huyu ni ndugu yake wa mbali sana. Wanasayansi wanamwita Gromphadorhina portentosa, na kwao ni Madagaska tu, Bukini ya wazee wetu wa pwani. Anaishi chini msituni, kwenye magogo yanayooza na majani yaliyoanguka, anakula matunda yaliyodondoka na mabaki ya mimea. Akikomaa anafika sentimita 5 hadi 7 na zaidi kidogo. Jike haachi mayai nje, anayabeba tumboni kwa muda wa kama siku 60, kisha wanatoka watoto hai, mara nyingi kati ya 20 na 40, weupe kama mchele kwa saa chache za mwanzo. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 2 hadi 5. Kwa mdudu, huo ni umri wa kuheshimika.

Sasa sauti. Wadudu wengi tunaowasikia usiku hawatumii pumzi. Nyenje anapekecha bawa juu ya bawa, panzi anasugua mguu kwenye bawa. Mende huyu anatumia hewa anayopumua, na hilo kwa wadudu ni nadra. Hana mapafu. Ubavuni mwake kuna matundu madogo ya hewa yaliyojipanga kwa jozi, na kila tundu linafungua mrija unaopeleka hewa ndani ya mwili. Jozi moja, ile ya pingili ya nne ya tumbo, imebadilika umbo pamoja na mirija yake, ikawa chombo cha sauti. Aliyeieleza kwa undani ni mtafiti M. C. Nelson, mwaka 1979. Mende anafunga matundu mengine, anabana tumbo, na hewa yote inalazimika kupita kwenye jozi hiyo. Wanaojua kazi ya mhunzi wameshaelewa: tumbo ndilo mvukuto, na tundu la pingili ya nne ndiyo ncha yake.

Nimeleta taa ili muone wenyewe. Namgusa huyu mgongoni kwa kidole kimoja. Msisikilize, tazameni kwanza. Anajibana chini, miguu inakamata kipande cha gome. Pingili za tumbo zinaingia moja chini ya nyingine, tumbo linafupika, halafu ndiyo mnasikia: *fssss*. (Hapo safu yote ya mbele ilirudi nyuma kwa pamoja, nikalazimika kusubiri.) Mmeona kwamba mwili ulitangulia, sauti ikafuata. Nawaonyesha hilo kwa sababu kupuliza ni kazi ya misuli. Mende mwenye baridi hawezi kuifanya vizuri, na aliyetoka kujivua ngozi, bado mweupe na laini, hapaswi hata kuguswa. Kwa hiyo kabla hujasema mende wako ni mpole, angalia kipimajoto. Hapa Kanada mwezi wa Januari, boksi likiwekwa karibu na dirisha, wote watakuwa wapole. Wao wanataka nyuzi 24 hadi 30. Chini ya 20 wanazubaa, wanakula kidogo na kuzaa wanaacha.

Kupuliza kwa kushtuka, huku mlikokusikia sasa hivi, kunafanywa na madume na majike pia. Ni sauti chafu, pana, ya ghafla. Kule msituni kuna wanyama wadogo wenye miiba wanaoitwa tenreki, wanaokula wadudu, na sauti ya ghafla puani inaweza kumpa mende nafasi ya kujisogeza. Watoto wa mende wakiwa wadogo kabisa hawapulizi, na uwezo huo wanaupata baada ya kujivua ngozi mara kadhaa. Mtu akinunua watoto dukani, akawagusa wote, akasikia kimya, asiandike popote kwamba kundi lake ni la wapole. Bado hawajapata chombo.

Tukija kwa wakubwa, ndipo dume na jike wanapoachana kabisa. Kuwatambua ni rahisi. Ile ngao ngumu ya mbele, ambayo watu huidhani kichwa, ni ya kifua, na kichwa chenyewe kimejificha chini yake. Dume ana vinundu viwili vikubwa juu ya ngao hiyo, vimesimama kama pembe fupi, na vipapasio vyake ni vinene, vina manyoya. Jike ngao yake ni tambarare zaidi na vipapasio vyake ni vyembamba. Watoto, mkipita mezani baadaye mtaniambia nani ni nani bila kuniuliza.

Jike mkubwa hupuliza akishtuliwa, na kwa kawaida ndiyo basi. Dume ana sababu nyingine zaidi. Anapuliza akipigana na dume mwenzake, anapuliza akimchumbia jike, na anapuliza wakati wa kujamiiana. Nelson na mwenzake Fraser walilichunguza jambo hili wakalichapisha mwaka 1980, na kuna kipande cha kazi yao ambacho huwa nakipenda sana. Waliwanyamazisha madume, wakawaacha waende kuchumbia kama kawaida. Mbwembwe zote zilikuwepo isipokuwa sauti, na madume hao walishindwa kupata majike. Kwa hiyo ule mlio laini wa uchumba unaosikika usiku ndani ya boksi una kazi yake, na dume asiyeuweza anakosa watoto. Mtu akiniambia kwamba majike wake ni wapole kuliko madume wake, namjibu kwamba majike wake ni majike. Basi.

Cheo ndicho kinachopotosha wafugaji kuliko yote, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Mende dume wa Madagaska anashika eneo. Kwetu kazini eneo hilo ni trei moja tupu ya mayai ya kuku iliyosimamishwa wima, joto linapotoka. Anakaa pale siku nenda rudi, anatoka kula na kunywa, anarudi. Akija dume mwingine, vipapasio vinagusana kwanza. Wanapapasana upesi upesi, kisha mmoja anajiinua kwenye miguu, anashusha ile ngao yenye pembe na kumsukuma mwenzake ubavuni. Tumbo linachapwa huku na huku. Mlio unatoka mfupi mfupi, tofauti na ule mrefu wa kushtuka. Wakitoshana nguvu wanasukumana kichwa kwa kichwa, na mwenye bahati mbaya anaweza kuangushwa chali. Damu haimwagiki, na hakuna anayekufa. Anayeshindwa anageuka anaondoka, na anayeshinda anabaki akipuliza mara kadhaa zaidi wakati mwenzake yuko mbali. Hiyo ya mwisho, nakiri, huwa inanichekesha. Nimeiona kwa binadamu kwenye vikao.

Debora Clark na Allen Moore, wakiwa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walirekodi milio ya madume wakati wa ugomvi na kuipima. Kazi zao zilitoka mwaka 1995. Walikuta kwamba madume wanatofautiana katika milio yao, na kwamba dume yuleyule akirekodiwa tena mlio wake unaelekea kufanana na wake wa awali. Pia walionyesha kwamba mlio unabeba habari za ukubwa wa mwili. Dume mdogo hawezi kujifanya mkubwa kwa sauti, maana sauti inatoka kwenye mwili alionao. Na hapa Ontario, Chuo Kikuu cha Toronto, Patrick Guerra na Andrew Mason walionyesha mwaka 2005 kwamba ukali wa madume unategemea pia wanachokijua kuhusu thamani ya kile kinachogombewa.

Ukiyaweka hayo pamoja, utaona kwa nini hupaswi kumhukumu dume kwa kumwona akiwa ndani ya boksi lenye wenzake. Dume aliyeshindwa, anayeishi chini ya trei ya mwenye nguvu, ananyamaza wiki hata miezi. Mwenye boksi anamwita mtulivu. Siku yule mkubwa anapokufa kwa uzee au kuhamishwa, huyu mtulivu anapanda juu ya trei na kuanza kupuliza usiku kucha, na mwenye boksi ananipigia simu kwamba mende wake amebadilika tabia. Mende ni yuleyule, nafasi ndiyo iliyofunguka.

Sasa mkono. Mende aliyefugwa na kushikwashikwa anapunguza kupuliza. Kila mfugaji analijua hilo, na walimu wanaowapeleka mende madarasani wanalitegemea. Swali ni kwa nini. Huenda amechoka, amekata tamaa, au ameshajua kwamba mkono huu hauna madhara. Hank Davis na Emily Heslop, wa Chuo Kikuu cha Guelph, mwendo wa saa moja tu kutoka Toronto, walichapisha mwaka 2004 jaribio rahisi sana kuhusu hilo. Mende walishikwa tena na tena na mtu mmoja, kupuliza kukapungua. Kisha akaletwa mtu mwingine awashike. Kupuliza kukarudi.

Tafadhalini, tusilipite hilo haraka. Misuli iliyochoka haipati nguvu mpya kwa sababu kidole kimebadilika. Kwa hiyo kunyamaza kule hakukuwa uchovu. Mende aliona tofauti fulani kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Tofauti ipi? Inaweza kuwa harufu, joto la vidole, au namna ya kukamata. Watafiti wenyewe waliweka alama ya kuuliza kwenye kichwa cha makala yao, na mimi nawaheshimu kwa alama hiyo kuliko wanaotangaza mitaani kwamba mende anamtambua bwana wake. Kutofautisha mikono miwili ni jambo moja, na kumjua mtu ni jambo jingine, kubwa zaidi. Lakini hata hilo la kwanza si dogo kwa kiumbe ambaye nyumbani tunampiga ndala.

Kwa hiyo turudi kwa yule mtoto na swali lake. Mende aliyeshikwa na darasa zima akanyamaza ni jike mzee kwenye kundi letu. Ameshikwa na watoto wengi tangu alipokomaa, na mikono migeni kwake ni mazoea. Aliyepuliza ni dume kijana anayetoka kwenye boksi la kuzalishia, ambaye siku ile alishikwa karibu kwa mara ya kwanza. Jinsia, umri, nafasi, mkono: yote manne yalikuwa tofauti. Hapo mtu hawezi kutenganisha ni lipi lililofanya kazi, na neno "tabia" halijahitajika bado.

Je, tabia haipo kabisa? Ipo, na hapa natofautiana na wenzangu wengine kazini wanaosema mdudu ni mashine. Ukichukua madume wa umri mmoja, waliolelewa boksi moja, kila mmoja ukamweka peke yake, ukawagusa kwa namna moja, bado kuna atakayepuliza kila mara na kuna atakayekuangalia tu. Huko Chuo Kikuu cha Lethbridge, mkoa wa Alberta, David Logue na wenzake walichapisha mwaka 2009 uchunguzi juu ya namna madume wanavyochumbia. Waliona kwamba dume mwenye bidii ya kuchumbia majike ndiye huyohuyo anayeelekea kuwachumbia hata madume wenzake, na kwamba mwelekeo huo uliweza kutabiri mafanikio yake ya kupata watoto. Maana yake ni kwamba bidii hiyo anatembea nayo kutoka hali moja hadi nyingine. Hiyo tunaweza kuiita tabia bila aibu. Ninachokataa ni kuiita tabia siku ya kwanza, kwa kumgusa mara moja.

Kuna jambo moja la madukani ambalo lazima nilitaje. Si kila mende anayeuzwa kwa jina la "mende wa Madagaska" ni wa aina moja. Kisiwa kile kina ndugu zao kadhaa: kuna Princisia, kuna Aeluropoda, kuna Elliptorhina, na ndani ya Gromphadorhina yenyewe kuna zaidi ya aina moja. Wafugaji wazoefu watakuambia kwamba makundi mengi ya madukani yamechanganyika damu. Na aina hizi hazitoi sauti moja. Aliyenishangaza kuliko wote ni Elliptorhina chopardi, mdogo kuliko hawa wangu. Mwaka 2006 Wafaransa wawili, Jérôme Sueur na Thierry Aubin, walieleza kwamba madume wake wakichumbia wanapiga mluzi hasa, sauti safi inayopanda na kushuka. Na kwa kuwa matundu yako mawili, kushoto na kulia, mende huyo anaweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo tumezoea kulisikia kwa ndege. Ukinunua mende ukaona mlio wake haufanani na wa rafiki yako, muulize kwanza muuzaji wametoka kundi gani.

Vijana mnaotaka kulifuatilia hili nyumbani, kazi yenyewe haina gharama. Wekeni kila mende alama ya rangi ya kucha juu ya ile ngao ya kifua. Si ubavuni, maana ubavuni ndiko kwenye matundu ya hewa, na ukiyaziba unamkaba. Chagueni saa moja ya jioni, wakati wanapoanza kutembea, kwani hawa ni wa usiku. Mtu mmoja aguse kwa kidole kimoja, mgongoni, kwa nguvu ileile, aandike P kama amepuliza na K kama amekaa kimya. Andikeni na joto la chumba, na nani alijivua ngozi lini. Msikae kila dakika mnawagusa ili daftari lijae. Mguso mmoja kwa jioni unatosha. Mkiona P zimepungua, muachieni dada au kaka aguse safari hiyo, bila kumweleza anachotakiwa kukiona. P zikirudi, mtakuwa mmefanya nyumbani kitu cha karibu na kile kilichofanywa Guelph. Zisiporudi, andikeni hivyo hivyo. Nimeona daftari za watoto ambazo matokeo yake yamenyooka mno, na hizo ndizo nisizoziamini.

Wakati wa kuwainua, usimvute juu. Miguu yao ina kucha na miiba, inakamata, na ukivuta unaweza kumng'oa mguu. Ingiza kidole chini ya kifua, msubiri aachie mwenyewe. Na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu ganda lao na boksi lao huota ukungu, na kuna watu ambao kifua chao hakipatani na mende wa aina yoyote.

Baada ya hapo mwenyekiti alifungua maswali.

Mzee mmoja aliuliza wale wadudu wadogo weupe wanaotembea juu ya mende ni nini, na kama ndio wanaomfanya apulize. Nikamjibu: macho yako bado makali, mzee wangu. Hao ni utitiri, na aina hiyo huishi kwa mende huyu. Wanakusanyika karibu na miguu na mdomo, wanakula makombo na mate yake. Hawamnyonyi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba wanampulizisha. Kwangu wapo kwenye maboksi mengi na siwatoi.

Baba mmoja akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoshwa, faida ya mdudu huyu ni ipi hasa. Nikamwambia faida ya kwanza ni kwamba amekaa nusu saa akisikiliza habari zake. Ya pili, baada ya tetemeko la Myanmar mwezi Machi 2025, Singapore ilipeleka huko mende wa aina hii waliofungwa vifaa vya elektroniki mgongoni, ili waingie kwenye vifusi ambako mtu na mbwa hawapiti. Ukubwa wake, nguvu zake za kubeba na kutokuwa na mabawa, vyote ambavyo vinawakera wageni wangu, ndivyo vilivyomfaa kwa kazi hiyo. Baba akasema hiyo ya pili inatosha, ya kwanza niichukue mwenyewe.

Swali la mwisho lilitoka kwa msichana wa sekondari. Alisema wazazi wake wamemruhusu kufuga mende hawa, na tangazo hilo lilimshtua mama yake, ambaye alikuwa ameketi pembeni yake. Akauliza: akienda dukani, achukue anayepuliza au anayenyamaza?

Nikamwambia mlio wa dukani usimshughulishe sana. Mende pale ameshamwagwa kutoka boksi moja hadi jingine, ameshikwa na mtu asiyemjua, labda chumba kina baridi. Atazame vipapasio kama vimekamilika, miguu kama ipo sita, tumbo kama halijasinyaa, na kama mende anakamata kidole anapoinuliwa. Achukue wenye afya, ikiwezekana majike watatu au wanne na dume mmoja, ili asianze na vita. Awaache siku kadhaa wazoee boksi bila kuguswa kabisa. Halafu kama bado anataka nimchagulie, mimi ningependa yule anayepuliza nikimgusa mara ya kwanza, akapunguza kadiri siku zinavyokwenda, na akapuliza tena siku mama yake atakapokubali kumgusa.

Mama yake akasema siku hiyo haitafika. Tukafungua boksi, watoto wakapanga foleni ya kunawa mikono.